Sura ya Tano: Msasa Hauhitaji Taa

"Nitatoboa lini?"

Swali hili nimeulizwa kwenye daladala, msibani, kwenye kibanda cha chipsi, na mara moja nikiwa kwenye kiti cha kinyozi, wembe uko shingoni. Muulizaji huwa kijana anayepika midundo ya singeli chumbani kwake Tandale, au mchora mabango ya saluni, au mtu ambaye riwaya yake imelala kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Kwa msomaji aliye mbali na Dar es Salaam: kutoboa ni kupenya ukuta wa dhiki ukatokea upande wa pili, watu wakakuona. Kinyume chake tunakiita msoto. Mtu anasota, anajiburuza kwa makalio kama mtoto ambaye bado hajaweza kutambaa, na hajui atasimama lini.

Zamani nilikuwa na jibu la haraka. "Komaa tu, mdogo wangu." Nililiacha baada ya kukutana na dada mmoja wa Mbagala Rangi Tatu.

Dada huyu hutunga kaswida, zile nyimbo za kumsifu Mtume na kufundisha dini ambazo watoto wa madrasa huziimba kwenye maulidi. Ametunga tangu ana miaka 15. Kisha mama yake akafariki, na kwa miezi minane hakupata hata ubeti mmoja. Alinisimulia haya tumekaa kwenye benchi nje ya duka la kaka yake, mikono ameificha ndani ya mtandio kana kwamba ndiyo yenye kosa.

"Shida si beti peke yake, kaka," akasema. "Hata swala. Naswali, sijaacha. Lakini nahisi kama napiga simu, inaita, inaita, haipokelewi."

Halafu akaniuliza swali ambalo sura hii yote inajaribu kulijibu: "Watu wananiambia nijiamini. Nitajiamini vipi wakati mwenyewe sijioni?"

"Kafungwa huyo"

Mjini kwetu msanii akinyamaza muda mrefu, majirani huwa na maelezo tayari. Kafungwa. Ana gundu. Nyota yake imechukuliwa na mwenzake aliyetoboa mwezi uleule. Tembea toka Mtoni Mtongani hadi Mwananyamala, usome vibao vilivyopigiliwa kwenye nguzo za umeme: mganga, namba ya simu, na orodha ya anayoyaweza. Kumrudisha mpenzi, mvuto wa biashara, kushinda kesi, na karibu kila mara, kusafisha nyota.

Sitaki kuwacheka wanaopiga namba zile. Mtu aliyekwama anataka sababu, na sababu yenye sura ya adui ni nyepesi kubeba kuliko kutokuwa na sababu. Tatizo langu na kusafisha nyota ni jingine. Ukishakubali kwamba kipaji chako kinashikwa, kinafungwa na kufunguliwa na watu wengine, umekihamisha kikatoka ndani yako. Siku kikirudi utamshukuru aliyekuogesha dawa. Kisipokuja utamchukia shangazi yako. Katika hali zote mbili, wewe mwenyewe haumo kwenye hadithi.

Upande wa pili wa barabara kuna ukumbi wa maombezi ambako utaambiwa una roho ya kukataliwa, ununue mafuta. Na ukipita hapo ukaingia kwenye simu yako, utamkuta bwana mwenye suti anayekuambia ujiamini tu, mawazo yako ndiyo yanaumba kesho yako, na semina yake ni Jumamosi. Huyu naye ni mganga, ila hana kibao kwenye nguzo. Anamwambia mtu asiyejiona ajitazame.

Giza lina aina zake

Kabla hujaamua kuvumilia giza au kulikimbia, ulijue jina. Mimi nayatofautisha haya:

- Giza la njaa. Kodi ya chumba imefika, gesi imeisha, mtoto amerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Akili haitungi kwa sababu ina kazi nyingine. Wengi wanaodhani wamekaukiwa kiroho wamekosa usingizi na mlo, basi. Dawa yake ni kibarua, na hakuna aibu.
- Giza la msiba. Umeondokewa na mtu, au na kitu kilichokuwa mtu kwako. Hili lina mwendo wake, na halifuati arobaini wala hitma.
- Giza la ugonjwa. Sonona ni ugonjwa wa huzuni nzito isiyotoka, inayokula usingizi, hamu ya chakula na hamu ya kuishi. Huu si mtihani wa kisanii. Hospitali za rufaa za mkoa za Mwananyamala na Temeke zina huduma ya afya ya akili, na Muhimbili ina idara nzima. Ukiona mawazo ya kujidhuru, funga kitabu hiki uende leo, na uende na mtu.
- Giza la njia. Umekula, hujafiwa, huumwi, unafanya yote uliyokuwa ukiyafanya, na bado ladha imeondoka. Hili ndilo gumu kulieleza, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo.

Watu wa dini walilijua giza la njia kabla ya sisi wasanii kulipa majina ya kileo. Masufi, Waislamu wanaofuata njia ya dhikri kama zile twarika za pwani yetu, huzungumzia hali mbili za moyo: kabdhi na basti. Kabdhi ni kubanwa, moyo umekunjwa kama ngumi. Basti ni kukunjuliwa. Walimu wao wanazihesabu zote mbili kuwa ni za njiani. Aliyebanwa hajatoka njiani. Yuko mahali ambapo njia ni nyembamba.

Na kila aliyepita madrasa anajua kisa cha wahyi kukatika. Baada ya Mtume Muhammad kuanza kupokea ufunuo, kilifika kipindi, ambacho wanazuoni wanatofautiana urefu wake, hakuna kilichoshuka. Kimya. Maadui wakapata la kusema: Mola wake amemwacha. Suratudh-Dhuha, sura ya 93, inasomwa kuwa ndiyo jibu la kimya kile, na jina lake lenyewe ni wakati wa jua kupanda. Nilimkumbusha dada wa Rangi Tatu kisa hiki, akaniangalia kwa huruma. "Kaka, nakifundisha kila mwaka." Kukijua kisa na kukaa ndani yake ni mambo mawili.

Wakristo nao wana lao. Yohane wa Msalaba, mtawa wa Hispania, alifungwa na watawa wenzake huko Toledo mwaka 1577, katika chumba kidogo ambacho karibu hakikuwa na mwanga. Humo alitunga sehemu ya mashairi yake makubwa, na kutokana naye watu walianza kuzungumzia usiku wa giza wa roho: kipindi ambacho mtu wa sala haoni wala hahisi kitu, ingawa hajaacha kusali. Karibu na zama zetu, Mama Teresa wa Calcutta alifariki mwaka 1997, na miaka 10 baadaye barua zake za siri zikachapishwa. Ulimwengu ukashangaa. Mwanamke yule aliyeonekana akitabasamu kila mahali alikuwa amekaa karibu miaka 50 bila kuhisi uwepo wa Mungu, isipokuwa kwa vipindi vifupi.

Wako waliosema baada ya barua zile kwamba alikuwa mnafiki. Mimi nazisoma kinyume. Kila asubuhi aliamka akaenda kwa wagonjwa. Hisia iliondoka, mkono haukuondoka.

Kwa Remi

Panda daladala inayopita Sinza, utamsikia konda akiita kituo: "Kwa Remi! Kwa Remi wapo?" Wengi wanaoshuka pale leo hawajawahi kumsikia akiimba. Sinza siku hizi iko Wilaya ya Ubungo. Enzi zake ilikuwa Kinondoni.

Mwenye jina hilo, mwanamuziki Remmy Ongala, alizaliwa mwaka 1947 mashariki ya Kongo, upande wa Kindu. Alikuwa akisimulia kwamba mama yake alikuwa ameshapoteza watoto kabla yake, kwamba yeye alizaliwa na meno, na kwamba mganga aliagiza nywele zake zisikatwe. Ndiyo maana, alisema, alifuga nywele tangu utotoni, na baadaye watu wakamwita rasta. Alifiwa na wazazi akiwa bado mdogo, akajitafutia kwa ngoma na gitaa. Mwaka 1978 akaja Dar es Salaam kujiunga na Orchestra Makassy, bendi ya mjomba wake, kisha akaingia Matimila ambayo chini yake ikawa Super Matimila.

Ninachokipenda kwake ni jinsi alivyokichukua kitu cha kumfedhehesha akakitundika mlangoni. Alijiita "sura mbaya". Mwanamuziki gani anajitangaza hivyo? Lakini ukishajiita mwenyewe sura mbaya, aliyekuja kukutukana amekuta kiti kimekaliwa. Aliimbia watu wa chini, wanyonge, waliopanga chumba kimoja. Aliimba kuhusu kifo kana kwamba anagombana na jirani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 akatoa wimbo wa kuhimiza kondomu, "Mambo kwa Soksi", wakati Ukimwi unazika watu na wakubwa wanasema kwa mafumbo. Redio ya taifa haikuupiga. Wimbo ukazunguka mitaani kwa kanda, ukafika kila ulikotakiwa kufika. Kabla ya hapo alikuwa ameshatoka kimataifa: ziara za tamasha la WOMAD tangu mwaka 1988, na albamu kwa lebo ya Real World ya huko Uingereza, iliyopewa jina la Kiingereza lenye maana ya nyimbo za maskini.

Kwa lugha ya mjini, alikuwa ametoboa. Sasa tazama kilichofuata.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 alipigwa na kiharusi. Mtu aliyekuwa akitawala jukwaa hadi alfajiri akawa na mwili usiomtii. Ndani ya kipindi hicho aliokoka, akakata zile nywele ambazo mganga alisema zisikatwe, akaachana na muziki wa dansi, akaanza kuimba injili. Alifariki mwezi Desemba 2010.

Nakumbuka tulivyosema vijiweni. Mzee kaisha. Kaogopa kufa. Wapenzi wake wa zamani waliona kama wameibiwa. Na niseme kweli: nyimbo zake za injili sizipendi kama zile za Super Matimila. Sikio langu halikuokoka.

Lakini kila nikirudia kumfikiri, naona tulimsoma vibaya. Tulidhani kujiamini ni kushikilia kile kilichokupa jina. Yeye alikuwa na jina lililokuwa tayari kituo cha daladala, akaliweka chini. Msanii wa miaka zaidi ya 50, mgonjwa, anaanza upya katika fani ambayo wenzake wanaoimba kwaya wamemtangulia miaka mingi, mbele ya watu wanaomhurumia. Kukata nywele ni jambo la dakika 20 kwa kinyozi. Kukata nywele ambazo uliambiwa zimeshika uhai wako ni jambo jingine kabisa. Hapo sioni woga. Aliimba kwa sababu ndicho alichojua kukifanya, na giza lilipobadilisha anayeimbiwa, akaendelea kuimba.

Wengine wataona aliponyooka ni hapo mwisho, wengine wataona ndipo alipopinda. Hilo ni baina yao na sikio lao. Kilicho wazi ni kwamba hakukaa kimya kusubiri ajue kwanza yeye ni nani.

*Kwa kifupi hadi hapa:* Giza halina jina moja, na aina nyingine zinataka chakula, matanga au daktari. Giza la njia halithibitishi kwamba umepotea. Na kujiamini ndani yake hakufanani na kujisikia vizuri.

Mkono unajua kabla ya moyo

George Lilanga alizaliwa mwaka 1934 huko kusini, Mmakonde, mchongaji tangu ujanani. Alifika Dar es Salaam miaka ya 1970, akapata kazi ya ulinzi Nyumba ya Sanaa, kituo alichokianzisha mtawa wa Kimarekani, Sista Jean Pruitt. Mlinzi wa getini akawaonyesha wenye kituo vinyago vyake, na geti likamfungukia kwa ndani. Humo akajifunza batiki na uchoraji, na mashetani wake, vile viumbe vyenye masikio makubwa, matumbo na vidole vichache, wakatoka kwenye mpingo wakaingia kwenye rangi kali. Wakasafiri hadi Ulaya, Marekani na Japani.

Neno "shetani" hapa lisikutishe. Katika uchongaji wa Kimakonde shetani ni kiumbe wa porini, mara mkorofi, mara mchekeshaji, mara anafanana na mjumbe wako wa nyumba kumi.

Kisukari kilimwandama Lilanga kwa miaka mingi, hadi akakatwa miguu. Mtu wa aina yake, aliyezoea kazi kubwa, angeweza kusema basi. Aliendelea nyumbani, kazi ndogo zaidi, ndugu na wanafunzi wakimsaidia, hadi alipofariki mwaka 2005. Waliotafuta kazi zake za mwisho wanajua zinachekesha kama za mwanzo. Sijui alikuwa anajisikiaje moyoni, na sidhani kama vile viumbe vyake vilimuuliza.

Mashetani hao wana asili inayosimuliwa mara nyingi na wachongaji wa Dar. Miaka ya 1950 mchongaji mmoja aliyeitwa Samaki, Mmakonde kutoka Msumbiji, alikuwa anachonga sanamu ya kawaida ya mtu, aina iliyokuwa ikinunuliwa na wageni. Mkono wa sanamu ukavunjika. Kazi imeharibika. Katika masimulizi, alilala nayo, akaamka ameona njia ya kuigeuza ile iliyovunjika kuwa kiumbe wa porini, asiyehitaji mikono miwili wala macho mawili. Akaipeleka kwa mfanyabiashara wake, Mohamed Peera, ambaye badala ya kuikataa akamwambia alete nyingine. Mtindo mzima wa shetani ukaanzia hapo.

Wasimulizi hukazia ndoto. Mimi hunasa kwenye kitu kidogo: hakuitupa. Kipande kilichovunjika kililala ndani ya nyumba usiku ule, karibu naye. Na mlangoni alikuwepo mtu mmoja mwenye jicho. Watu wa semina ya Jumamosi husema ujiamini peke yako dhidi ya dunia nzima. Samaki alijiamini usiku kucha, asubuhi akamtafuta Peera. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa mchoraji Edward Saidi Tingatinga. Alipouawa mwaka 1972, kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu, alikuwa amechora kwa takriban miaka minne tu. Kilichookoa michoro yake ya rangi za mafuta kwenye vipande vya hadibodi ni wale ndugu na vijana aliokuwa nao pale Msasani, ambao kesho yake walikuwa na brashi na hawakuwa na mwalimu. Wakashika brashi.

Kiwi ya viatu

Sasa upande wa pili, kwa sababu sura ya kumwambia kila mtu avumilie ni sura ya hatari.

Kwenye vinyago kuna utapeli wa siku nyingi. Mpingo ni mti ghali. Huchukua miongo mingi kunenepa, ni mzito kiasi cha kuzama majini, na weusi wake uko moyoni tu. Nje una ganda jeupe la kimanjano. Kwa hiyo wajanja huchukua mti mwepesi wa bei rahisi, wakaupaka kiwi nyeusi ya viatu, wakasugua hadi ung'ae. Mgeni ananunua, anafika kwao, shati lina doa.

Mzee mmoja mchongaji pale Mwenge alinifundisha kupima. Nilimsalimu, "Shikamoo mzee," akaitika "Marahaba mwanangu" bila kunyanyua kichwa, akanipa vinyago viwili vinavyofanana kama mapacha. "Kimoja cha uongo. Sema kipi." Nikavitazama sana. Akacheka. "Unatazama nini? Beba." Kimoja kilikuwa chepesi kama mkate. Kisha akakigeuza chini, pale ambapo mnunuzi haangalii, akakwangua kwa ukucha. Pakatoka weupe.

Giza nalo hupakwa. Nina ushahidi wa nyumbani. Mwaka fulani niliwatangazia watu wote wa mtaani kwetu Mtoni kwamba niko kwenye msoto wa ubunifu, roho imekauka, napitia mambo. Nilipendeza sana katika huzuni ile. Ukweli ulikuwa kwenye bahasha ya kaki juu ya kabati. Mhariri mmoja alikuwa amenirudishia mswada na maelekezo yake, na mimi sikuifungua kwa miezi mitatu kwa sababu niliogopa wino mwekundu. Siku moja mke wangu akiwa anafuta vumbi akauliza, "Baba Asha, hii bahasha unaifuga?"

Nikaifungua usiku ule. Maelekezo yalikuwa 40 na kitu. Kama 30 yalikuwa ya haki. Mengine hadi leo nayapinga. Giza langu likaisha kabla ya Ijumaa.

Kwa hiyo siku hizi, kabla ya kujiita mtu wa usiku wa giza, najikwangua chini. Nauliza: kuna bahasha? Kuna simu ambayo sitaki kuipiga, deni, kosa la kuomba radhi, kazi iliyokamilika ambayo naogopa kuionyesha? Nauliza pia kama giza hili lina uzito, au nalibeba tu ninapoangaliwa. Na nauliza, kwa aibu, kama nimewahi kweli kuipenda kazi hii, au nilipenda kuitwa mwenye kazi. Jibu likiwa baya, kuacha ni halali. Nimewajua walioacha gitaa wakawa mafundi wazuri wa friji na wakalala vizuri. Kujiamini kuna mlango huo pia, ingawa vitabu vya aina hii huwa havipendi kuuonyesha.

Ikiwa umekwangua na bado ni nyeusi hadi ndani, basi umeshika mpingo. Na mpingo unachongwa polepole.

Umeme ulipokatika

Nilirudi kwa yule mzee wa Mwenge mara nyingi. Jioni moja alikuwa anamalizia kinyago, nguzo ya watu waliobebana mabegani. Tezo ilikuwa imeshafanya kazi yake ya kutoa umbo, patasi imechimba macho na vidole, tupa imelainisha. Ilibaki msasa, ile karatasi ya mchanga, kuanzia ya chenga kubwa hadi laini kama kitambaa. Umeme ukakatika. Nikawasha tochi ya simu, nikamsogezea.

"Zima hiyo," akasema. "Unanimalizia chaji yako bure."

"Utaona vipi, mzee?"

"Msasa hauhitaji taa."

Akaendelea. Nilikuwa nasikia tu ule mkwaruzo, kwa mpigo mmoja, kisha unasimama, kidole gumba kinapita, kisha unaanza tena. Baada ya muda akanishika mkono, akaupeleka kwenye bega la mmoja wa wale watu. "Hapa. Unasikia?" Palikuwa na mchirizi mwembamba sana, kama unywele. "Mchana huu nimeutazama mara tatu sikuuona. Macho yanapenda kung'aa. Yanaona pameng'aa yanasema tayari."

Nilitaka kumuuliza mengi, lakini alikuwa ameshaurudia.

Hili ndilo nililompelekea dada wa Rangi Tatu. Nilimwambia asitafute beti mpya. Achukue kaswida zake za zamani, azinakili upya kwa mkono kwenye daftari safi, moja kwa usiku, na awafundishe watoto kama kawaida. Asingoje kuguswa. Aliguna. Alisema hiyo ni kazi ya karani. Nikasema ndiyo, ya karani hasa.

Nilimwona tena ilipofika Mfungo Sita, mwezi wa maulidi. Watoto walikuwa wanafanya mazoezi uani, kanzu zimekunjwa mikononi zisichafuke, tari moja ina ufa na inalia kama sufuria. Nikamuuliza kama kipaji kimerudi.

"Bado, kaka," akasema. "Lakini njoo uone walichonifanyia."

Alinionyesha daftari. Katika kaswida moja ya zamani kulikuwa na mstari uliosema tunangoja mwanga. Alipoanza kuifundisha, watoto walicheka wakashindwa kuendelea, kwa sababu nyumbani kwao mwanga ni mchawi, yule wa kuruka usiku. Aliwakaripia. Wiki iliyofuata binti mmoja wa miaka kama tisa, kwa kuogopa kulitaja jina lile magharibi, akaimba "tunangoja mwangwi", na wenzake wote wakamfuata.

"Niliwasahihisha siku mbili," akasema. "Siku ya tatu nikanyamaza nisikilize."

Kwenye daftari neno la kwanza lilikuwa limekatwa kwa mstari mmoja. Juu yake, kwa mwandiko uleule wa karani, alikuwa ameandika lile la mtoto, na chini yake alikuwa ameacha nafasi ya mistari minne, tupu, aliyoipigia rula.